Kanisa Lililojengwa kwa Rangi Tu: Kuusoma Mchoro wa Schinkel wa Mwaka 1815

Tangu kanisa la Notre-Dame la Paris lifunguliwe tena Desemba 2024, miaka mitano na miezi kadhaa baada ya moto, neno "Gothiki" limerudi midomoni mwa watu, na kila mmoja analitumia anavyojua. Kwa huyu ni kanisa lolote la kale lenye mnara mrefu. Kwa yule ni nguo nyeusi, wanja mzito na muziki wa huzuni. Likichanganywa na habari za vita ndiyo kabisa: mtu akisikia "mchoro wa kanisa la Gothiki baada ya vita", fikra zake zinakimbilia 1945, mabomu, vifusi na kuta zilizobaki zimesimama bila paa.

Mchoro tunaoufafanua hapa hauna kifusi. Ulichorwa mwaka 1815 na Karl Friedrich Schinkel wa Berlin, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mji wa Zama za Kati Kando ya Mto. Ni rangi za mafuta juu ya turubai yenye upana wa karibu sentimita 140 na kimo cha karibu sentimita 95, na umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie, Berlin. Kanisa kubwa limesimama juu ya mji, mawingu mazito yanaondoka, upinde wa mvua umetanda, na huku chini mtawala anarejea na msafara wake, watu wakitoka kumlaki. Vita vyenyewe ni vile vya Napoleon, kaizari wa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Na kanisa hilo, kwa wanaouliza liko mji gani, haliko popote wala halijawahi kuwapo.

Schinkel alikuwa msanifu majengo. Alichora jengo ambalo alitamani lijengwe, na akalichora likiwa halijakamilika: mnara wake mmoja umeishia njiani. Anayeuliza maana ya mchoro huu aanze na mnara huo. Upinde wa mvua na mtawala kwenye farasi vinaeleweka haraka, lakini bila mnara ule vingebaki kuwa salamu za pongezi kwa mfalme.

Maneno kwanza

Kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu. Ukubwa hauhusiki. Kanisa dogo lenye kiti hicho ni kanisa kuu, na kanisa kubwa kama uwanja wa mpira lisilo nacho si kanisa kuu. Hata lile maarufu la Cologne, Ujerumani, ambalo tutalirudia, lilikaa bila kiti cha askofu mkuu kuanzia 1801 hadi 1821 kwa sababu utawala wa Wafaransa ulilifuta jimbo kuu hilo. Kwa miaka hiyo lilikuwa kanisa la parokia, kubwa kupita kiasi.

Gothiki ni mtindo wa ujenzi ulioanza kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12. Tarehe inayotajwa kila mara ni 11 Juni 1144, siku sehemu ya madhabahu ya kanisa la abasia (makao ya watawa) la Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, ilipowekwa wakfu chini ya Abate Suger. Wagothi, lile kabila lililopigana na Roma karne nyingi kabla, hawakujenga hata kanisa moja la aina hii. Jina lilitokana na matusi: Waitaliano wa karne ya 16, Giorgio Vasari akiwa mmoja wao, waliuona mtindo huo kuwa wa kishenzi, wakausingizia washenzi waliowafahamu.

Alama zake tatu ni tao lililochongoka juu, mbavu za mawe zinazobeba dari, na matao ya nje yanayokinga kuta. Tuzifungue kidogo, maana bila hizo huwezi kuona Schinkel alikuwa anasifu nini.

Chukua ngazi mbili, ziegemeze vichwa vikutane juu, miguu ikiwa kwenye sakafu yenye utelezi. Ukiitanua miguu, ngazi zinataka kuteleza kwenda nje. Ukizisimamisha wima zaidi, msukumo wa pembeni unapungua. Tao la mawe lina tabia hiyohiyo. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 12 lazima liwe na kimo cha mita 6, hakuna namna nyingine. Tao lililochongoka la upana huohuo, likichorwa kwa bikari ambayo mkono wake ni sawa na upana wa tao, linafika mita 10.4. Limesimama wima zaidi, na kwa uzito uleule msukumo wake wa pembeni unapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Faida ya pili ni kwamba fundi anaweza kubadili kimo bila kubadili upana, hivyo matao mapana na membamba ya chumba kimoja yote yanakutana juu kwa kimo kimoja. Tao la duara haliruhusu hilo.

Msukumo unaobaki hupokelewa na matao ya nje, yanayouvusha juu ya paa la ubavuni na kuuteremsha kwenye nguzo nene zilizo nje ya jengo. Vile vinara vya mawe vilivyokaa juu ya nguzo hizo, ambavyo wengi hudhani ni pambo, vina kazi: uzito wake unasukuma chini na kuupinda msukumo uende ardhini badala ya kuiangusha nguzo. Ukuta ukishapumzishwa hivyo, unaweza kuutoa karibu wote na kuweka kioo mahali pake. Kwa hiyo wanaosema Gothiki ni mtindo wa giza wana kisa kichwa chini miguu juu. Nia ya waashi wale ilikuwa mwanga. Weusi unaouona kwenye makanisa mengi ya Ulaya ni masizi ya makaa ya mawe na hewa chafu ya karne mbili zilizopita.

Hesabu ikikosewa, jengo halisamehi. Kule Beauvais, Ufaransa, dari ya mawe ilipandishwa hadi mita 48, na mwaka 1284, miaka kumi na mbili baada ya kukamilika, sehemu yake ikaanguka. Nguzo zilikuwa zimeachana mno na vikingio vyake vyembamba. Walirekebisha kwa kuongeza nguzo katikati ya zile za awali. Karne tatu baadaye wakaweka mnara wa mita 153 juu ya makutano ya jengo kabla ya kujenga upande wa magharibi ambao ungeushikilia. Ulimalizika 1569, ukaanguka Aprili 1573. Upande huo wa magharibi haujajengwa mpaka leo.

Minara iliyoishia njiani

Mnara ambao haujaisha, basi, haukuwa jambo la ajabu. Strasbourg ina mnara mmoja, wa mita 142, uliokamilika 1439. Wa pili haukuja. Sababu zilikuwa zilezile kila mahali. Chokaa ya kuunganishia mawe hukauka taratibu sana, kwa hiyo ukipandisha ukuta haraka unaukaribisha kupasuka. Majira ya baridi kazi ilisimama kabisa, na vichwa vya kuta vikafunikwa ili maji yasiingie kwenye maungio na kuganda. Mradi wa namna hiyo ulichukua vizazi vitatu au vinne, na katika muda huo fedha ziliisha, tauni ikaingia, au watu wakabadili dini.

Cologne ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Jiwe la msingi liliwekwa 1248. Katika karne ya 15 mnara wa kusini ulisimama ukiwa na kimo cha mita hamsini na kitu, na mwaka 1560 kazi yote ikafungwa. Juu ya kisiki hicho cha mnara ilibaki winchi kubwa ya mbao iliyokuwa ikipandishia mawe. Haikushushwa. Ilikaa pale karibu miaka 400, ikawa alama ya mji, na kila aliyechora Cologne aliichora na winchi yake. Ilikuja kuondolewa 1868.

Mtu wa Berlin wa mwaka 1815 akiona mnara uliokatika kwenye mchoro alijua anakumbushwa nini.

Vita vilivyowaumba wachoraji

Tarehe 14 Oktoba 1806 jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani ambao mji wake mkuu ulikuwa Berlin, lilivunjwa na Napoleon katika siku moja, kwenye mapigano ya Jena na Auerstedt. Kabla mwezi haujaisha, Napoleon alikuwa anaingia Berlin kupitia Lango la Brandenburg, na ile sanamu ya farasi wanne wanaovuta gari iliyokuwa juu ya lango ikapakiwa kwenye masanduku kupelekwa Paris. Mkataba wa Tilsit wa 1807 uliinyang'anya Prussia karibu nusu ya ardhi na watu wake, na juu yake ikatozwa fidia nzito.

Kwa msanifu majengo hiyo ilimaanisha kukosa kazi. Schinkel, aliyezaliwa 1781 katika mji wa Neuruppin na kumpoteza baba yake baada ya moto mkubwa wa mji huo mwaka 1787, alikuwa amerudi kutoka safari ya Italia mwaka 1805, tayari kujenga. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kujenga. Akaishi kwa brashi: alichora mandhari makubwa ya kuonyeshwa kwa kiingilio, watu wakikaa gizani na taa zikimulika turubai. Miongoni mwake ilikuwamo picha ya Moscow ikiungua. Inafaa kulikumbuka hilo unapotazama michoro yake ya makanisa. Huyu alikuwa fundi wa kuweka taa nyuma ya kitu na kuwafanya watazamaji washike pumzi.

Malkia Luise wa Prussia alipofariki 1810, Schinkel alipendekeza kaburi lake lijengwe kwa mtindo wa Gothiki. Mfalme akachagua jengo la Kigiriki. Machi 1813 Prussia ilipoingia tena vitani, Mfalme Friedrich Wilhelm III alianzisha nishani ya Msalaba wa Chuma, akaichorachora mwenyewe, na Schinkel akaikamilisha. Ilikuwa chuma cha kusubu kilichozungushiwa ukingo wa fedha, na ilitolewa kwa askari wa kawaida sawa na kwa jenerali, jambo geni kabisa. Wakati huohuo raia walikuwa wakitoa pete na mikufu ya dhahabu kuchangia vita na kupewa ya chuma. Napoleon alishindwa Leipzig Oktoba 1813, Paris ikaanguka mwisho wa Machi 1814, na ile sanamu ya farasi wanne ikarudishwa. Schinkel ndiye aliyebuni fimbo mpya ya mungu mke anayeendesha gari hilo, yenye Msalaba wa Chuma ndani ya shada la majani ya mwaloni.

Machweo ya 1813, upinde wa 1815

Michoro miwili ya Schinkel huchanganywa sana, na vyanzo vingi vya mtandaoni vinabandika maelezo ya mmoja kwenye mwingine.

Wa kwanza ni wa 1813, mwaka wa vita vyenyewe, na unaitwa Kanisa Kuu la Gothiki Kando ya Maji. Jua liko nyuma ya kanisa. Kwa hiyo kanisa lenyewe ni kivuli, na mwanga unapenya kwenye ncha za minara ambazo mawe yake yametobolewa kama nakshi, kiasi kwamba anga linaonekana kupitia ndani ya mnara. Ncha za aina hiyo zipo kweli: ya Freiburg, yenye mita 116, ilimalizika mnamo 1330. Chini ya kanisa kuna ngazi zinazoteremka hadi majini, na ufukweni watu wanashughulika na vyombo. Msanii aliyezoea kuweka taa nyuma ya turubai alifanya hapa kilekile kwa rangi peke yake. Ni picha nzuri kuliko ile ya 1815, kwa maoni yangu, lakini inasema machache. Inasema: hiki tulikuwa nacho, na bado kinang'aa.

Ule wa 1815 unasema mengi zaidi, na lugha yake ni ya wazi. Mvua ya radi imepita. Upinde wa mvua, kwa mtazamaji aliyelelewa na Biblia, ni ahadi ya Mungu kwa Nuhu baada ya gharika, na hakuna aliyehitaji kuelezwa gharika ilikuwa nani. Ila kuna jambo la kifizikia ambalo mchoraji makini kama Schinkel hakuweza kulisahau: upinde wa mvua huonekana pale tu ambapo jua liko nyuma yako na mvua bado inanyesha mbele yako. Mvua haijaisha duniani, imehama tu. Machi 1815 Napoleon alitoroka kisiwa cha Elba na kurudi Ufaransa. Alishindwa tena Waterloo tarehe 18 Juni. Mwaka uleule wa mchoro, amani ilikuwa imepatikana, ikapotea, ikapatikana tena.

Mtawala anayerejea ni kumbukumbu ya wazi ya Mfalme Friedrich Wilhelm III kuingia Berlin Agosti 1814, siku ambayo Schinkel mwenyewe alipewa kazi ya kupamba njia. Amemvisha vazi la zama za kale ili tukio la juzi lionekane kama la historia. Raia nao wamo, na hawakuwekwa kujaza nafasi tu. Vita hivi vilipiganwa na watu wa kujitolea na jeshi la akiba la raia, na wengi waliamini kwamba waliotoa damu watapewa sauti. Tarehe 22 Mei 1815 mfalme alitoa amri ya kuahidi bunge la wawakilishi. Kwenye mchoro, mtawala na watu wanakutana nje ya mji, na juu yao wote liko jengo ambalo kazi yake haijaisha.

Hapo mnara unapata maana yake. Angetaka kusifu ushindi, angeweka minara miwili mizima. Rangi haigharimu mawe. Badala yake aliacha mmoja ukiwa katikati ya kazi. Kanisa hapa limebeba nchi. Ujerumani ya 1815 haikuwa dola moja. Mkutano wa Vienna, uliopanga upya Ulaya baada ya vita, uliiacha ikiwa shirikisho legelege la dola 39, kila moja na mtawala wake. Mnara mzima ungekuwa uongo. Mnara uliobomoka ungekuwa maombolezo, na mchoraji mwingine wa wakati huo, Caspar David Friedrich, alikuwa tayari ameikamilisha kazi hiyo kwa magofu ya abasia ya Eldena yaliyozungukwa na miti isiyo na majani. Schinkel alichagua hali ya tatu: jengo lenye afya, lililo kazini, linalosubiri mafundi.

Fedha zilipokosekana

Wanaoamini kwamba mchoro huu ni ndoto ya kisanii tu hawajaona karatasi za Schinkel za 1814 na 1815. Mfalme alikuwa amemwagiza asanifu kanisa kuu halisi la kumbukumbu ya vita, na Schinkel akalipangia nafasi Leipziger Platz, Berlin. Mpango wake ulichanganya mnara wa Gothiki upande mmoja na kuba kubwa upande wa madhabahu, mchanganyiko ambao waashi wa zama za kati wasingeuelewa. Hoja yake kwa serikali ilikuwa ya kivitendo kuliko mtu anavyotegemea: ujenzi wa muda mrefu ungekuwa shule. Vita na ukata vilikuwa vimeua ufundi, na eneo la ujenzi lenye kazi ya miaka mingi lingewafundisha upya waashi, wachonga mawe na wasubu chuma. Kuchelewa kumalizika kulikuwa sehemu ya faida.

Prussia ilikuwa imefilisika, kanisa halikujengwa. Kilichopatikana ni mnara wa chuma cha kusubu, wa mtindo wa Gothiki, wenye kimo cha takriban mita 19, juu ya kilima kusini mwa Berlin. Jiwe la msingi liliwekwa 1818 na ukazinduliwa 30 Machi 1821. Una sura ya ncha ya kanisa kuu iliyotokeza ardhini, kana kwamba kanisa lenyewe limezama. Msalaba wa Chuma uko kileleni, ndiyo maana kilima kikaitwa Kreuzberg, yaani Mlima wa Msalaba, na kitongoji kikachukua jina. Ile ahadi ya bunge nayo mfalme huyo hakuitekeleza hadi alipokufa mwaka 1840.

"Mtindo wetu"

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la Schinkel na wenzake wenyewe. Waliamini Gothiki ni ya Kijerumani. Mwandishi Goethe, akiwa kijana, alikuwa ameandika hivyo mwaka 1772 akisifu kanisa la Strasbourg, na kwa watu waliotawaliwa na Ufaransa wazo hilo lilikuwa tamu mno kuachwa. Kusimika Gothiki ilikuwa namna ya kumkana Napoleon, aliyependa matao ya ushindi ya Kirumi. Kinaya ni kwamba walimkana Mfaransa kwa mtindo wa Mfaransa. Uchunguzi wa baadaye, ndani ya karne hiyohiyo ya 19, ulionyesha kwamba hata ramani ya kanisa la Cologne ilifuata kwa karibu ile ya kanisa la Amiens, Ufaransa.

Kosa hilo lilizaa matunda hata hivyo. Novemba 1814 mwandishi Joseph Görres aliandika gazetini kwamba kanisa la Cologne limalizwe iwe ukumbusho wa ukombozi. Mwaka huohuo, mjini Darmstadt, ilipatikana nusu ya mchoro asilia wa ngozi unaoonyesha uso wa magharibi wa kanisa hilo; nusu ya pili ilipatikana Paris 1816. Zikiunganishwa, zina urefu wa zaidi ya mita 4, na ghafla watu walijua minara ile ilikusudiwa iweje. Eneo la mto Rhine lilikuwa limekabidhiwa Prussia 1815, na mwaka uliofuata Schinkel alitumwa kulikagua jengo. Alikuta paa linaoza na maji yanaingia, akaandika taarifa ya kuhimiza ukarabati.

Ujenzi ulianza tena 1842 na kukamilika 1880, minara ikiwa na mita 157, jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka minne. Ujerumani ilikuwa imeunganishwa 1871, lakini kwa vita vingine dhidi ya Ufaransa, na sherehe ya kukamilika iliongozwa na kaizari Mprotestanti huku askofu mkuu Mkatoliki wa Cologne akiwa uhamishoni. Nchi ilimaliza mnara, lakini ile picha ya mtawala na watu wakikutana chini yake haikutimia.

Wale waliokuwa wakitafuta 1945 watapata jibu lao hapahapa Cologne. Mabomu makubwa 14 yalilipiga kanisa hilo katika Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu za dari zikaanguka, ila jengo lilibaki limesimama katikati ya mji uliosambaratika. Sehemu ya sababu ni ule mfumo wa nguzo na matao ya nje: ukitoboa ukuta wa Gothiki, umetoboa kitu ambacho hakikuwa kimebeba uzito mkubwa. Sababu nyingine ni paa. Fremu yake ilijengwa kwa chuma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850, kwa hiyo mabomu ya moto hayakupata mbao za kuwasha, tofauti na mwaloni wa Notre-Dame uliowaka 2019.

Imani hii ya Gothiki kuwa vazi rasmi la Ukristo wa Ulaya ilisafiri na wamisionari. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lina matao yaliyochongoka, vioo vya rangi na ncha inayoonekana kutoka bandarini. Ni kanisa la Gothiki kando ya maji kwa maana halisi, ingawa bila jiwe la kule Rhine na bila baridi ya kusimamisha kazi.

Kabla hujaisambaza picha

Mambo mawili kwa anayetaka kuiweka mtandaoni na maelezo sahihi. Mchoro asilia wa 1813 umepotea. Picha inayosambazwa kwa jina la Schinkel, yenye jua nyuma ya kanisa, kwa kawaida ni nakala iliyochorwa na Wilhelm Ahlborn mwaka 1823, nayo iko Alte Nationalgalerie. Maelezo sahihi ni "Ahlborn, kwa kumfuata Schinkel". Ule wa 1815, wenye upinde wa mvua, ni wa mkono wa Schinkel mwenyewe.

Pili, kuna kisa kinachorudiwa kwamba Schinkel aliacha uchoraji mwaka 1810 baada ya kuona, kwenye maonyesho ya Berlin, ile picha maarufu ya Caspar David Friedrich ya mtu aliyesimama juu ya bahari ya ukungu. Picha hiyo ilichorwa mnamo 1818. Na michoro miwili tuliyoizungumzia ni ya 1813 na 1815, kwa hiyo mwaka 1810 alikuwa bado hajaweka brashi chini. Kilichomtoa kwenye uchoraji ni kazi: amani ilirudisha fedha kidogo kidogo, na kuanzia 1816 alikuwa akijenga Neue Wache, jengo la walinzi mjini Berlin, kwa nguzo za Kigiriki.